Kubugia tamthilia: Jinsi hadithi ilivyopoteza breki

MWAKA 2015, wahariri wa kamusi ya Collins nchini Uingereza waliteua kuwa neno la mwaka kitenzi kinachomaanisha kutazama vipindi vingi vya tamthilia, kimoja baada ya kingine, kwa kikao kimoja. Asili yake ni ulevini: kilikuwa kikimhusu mtu anayekunywa bila kipimo. Kiswahili hakihitaji kuazima hapo. Tuna ‘kubugia’, ambalo hutumika kwa pombe na chakula vilevile, na tuna ‘kufakamia’. Wapo wanaopendelea ‘utazamaji mfululizo’, ila istilahi hiyo naiona ya kistaarabu mno. Haibebi ile pupa. Mimi nitasema kubugia tamthilia.

Sisi wenye mvi hupenda kudai kwamba tabia hii imeletwa na uvivu wa vijana. Hebu tuifuatilie historia yake kabla ya kuhukumu.

Hadithi ya kukatizwa ni kongwe. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliiokoa shingo yake kwa kukata kisa alfajiri mahali pabaya, mfalme akaahirisha kumwua ili asikie kilichofuata. Taharuki, hiyo hiyo tunayowafundisha wanafunzi wa shule za upili, ilikuwa ngao yake. Lakini angalia, msomaji wangu: kulipokucha, kisa kilisimama. Hata kwetu, katika jamii nyingi, watoto walikatazwa kutambiana ngano mchana, wakatishwa kwa mikosi ya kila aina. Shamba na mifugo vilikuwa na saa zao.

Mwaka 1836, Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse jijini Paris, akaliuza kwa nusu ya bei ya washindani wake. Pengo alilijaza kwa matangazo na kwa riwaya zilizochapishwa vipande vipande. Mwaka huo huo Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers mjini London, kijitabu kimoja kila mwezi kwa shilingi moja. Msomaji aliyekufa kwa hamu alisubiri mwezi mzima, apende asipende. Karne moja baadaye, miaka ya 1930, watengenezaji wa sabuni wa Marekani walidhamini michezo ya redio iliyowalenga akina mama wa nyumbani, ndiyo maana hadi leo Waingereza na Wamarekani huita tamthilia za aina hiyo kwa jina la sabuni. Robo saa kwa siku, basi.

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 kituo kilikuwa kimoja tu, cha serikali. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilikuja kwa siku na saa yake, ukikosa, umekosa. Usiku wimbo wa taifa ulipigwa, kisha kioo kikabaki chenga tupu. Mashambani kulikuwa na breki kali zaidi, nayo ni betri ya gari. Nyumba nyingi zisizokuwa na stima ziliendesha runinga ndogo ya picha nyeusi na nyeupe kwa betri ambayo ilibidi ibebwe kwa baiskeli au begani hadi sokoni ikachajiwe. Mwenye nyumba alihesabu: taarifa ya habari, kipindi kimoja, zima. Picha ikianza kujikunja kutoka pembeni, hapakuwa na mjadala. Sidhani kuna mtaalamu wa afya aliyewahi kubuni kipimo bora kuliko hicho.

Kanda za video na DVD zililegeza breki hiyo. Kisha yakaja maduka yetu ya muvi mitaani, ambako kijana hupeleka flashi yake akawekewa msimu mzima kwa shilingi chache (haki za watunzi ni makala ya siku nyingine). Hata hivyo ilimbidi atoke nyumbani kuutafuta msimu uliofuata.

Kampuni ya Netflix, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, iliingia mtandaoni mwaka 2007. Mwaka 2012 ilianza kukianzisha kipindi kinachofuata chenyewe, mtazamaji akiwa bado amekaa kitako. Februari 2013 ikatoa vipindi vyote 13 vya House of Cards kwa siku moja. Januari 2016 ikafika Kenya. Katika historia hii yote, naona badiliko la 2012 ndilo kubwa kuliko yote, ingawa ni dogo machoni. Tangu enzi za Shahrazad, kuendelea ndiko kulikohitaji mtu afanye jambo: asubiri, anunue, abebe betri. Sasa kuacha ndiko kunakohitaji jambo, tena saa nane za usiku, akili imechoka na taharuki imewaka. Mwaka 2017, Reed Hastings, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, alitamka wazi kwamba mshindani wao ni usingizi.

Mwaka huo huo watafiti Exelmans na Van den Bulck waliwachunguza vijana 423 wa Ubelgiji wenye umri wa miaka 18 hadi 25. Waliobugia tamthilia mara nyingi zaidi walilala vibaya zaidi na kuamka wachovu, na sababu iliyojitokeza ni akili iliyokataa kutulia kitandani. Kule Melbourne, wanafunzi waligawanywa: wengine walitazama tamthilia moja kwa siku moja, wengine kipindi kimoja kila siku, wengine kila wiki. Waliobugia walikumbuka mengi kesho yake, lakini ndio waliosahau upesi zaidi, tena walisema hawakuburudika kama wenzao. Ati unapoteza usingizi, halafu kisa chenyewe kinakuponyoka! Mimi ninayefundisha darasa la saa mbili asubuhi sikushangaa.

Mtasema riwaya nazo ziliwahi kulaumiwa kwa kupotosha vijana. Kweli. Ila riwaya haijifungui sura inayofuata.

Siku hizi breki imeanza kurudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2019, Disney ilitoa The Mandalorian kipindi kimoja kwa wiki. Mwaka 2022, Netflix yenyewe iliugawa msimu wa nne wa Stranger Things, sehemu moja Mei, nyingine Julai. Usidhani ni huruma kwa macho yetu. Anayemaliza kila kitu wikendi moja anaweza kusitisha malipo Jumatatu. Anayesubiri hulipa mwezi wa pili. Girardin angewaelewa vizuri sana.