Nyuma ya Steringi: Majumba ya Sinema Yaliyohifadhiwa na Filamu

Mtazamaji wa sinema humfuata steringi. Anakokimbilia ndiko macho yanakokwenda. Lakini nyuma ya mabega yake kuna mtaa wa kweli wenye maduka, magari na wapita njia, na mara nyingi katika mtaa huo limesimama jumba la sinema. Kwa wapenzi wa majumba hayo, filamu za zamani ni ghala la kumbukumbu ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga.

Mfano bora ni barabara ya Broadway, katikati ya jiji la Los Angeles, Marekani. Majumba 12 ya zamani bado yamesimama pale, na mwaka 1979 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Studio za Hollywood hazikuwa mbali, hivyo mwongozaji aliyetaka mtaa wenye pilikapilika alipeleka kamera huko.

Chukua jumba la Million Dollar, lililofunguliwa na Sid Grauman Februari 1918. Linatazamana na jengo la Bradbury la mwaka 1893, ambalo ngazi zake za chuma na paa lake la vioo vimewavutia waongozaji kwa miongo mingi. Katika filamu ya D.O.A. ya mwaka 1950, Edmond O'Brien anaigiza mtu anayemsaka muuaji wake mwenyewe. Sisi tumezoea kusema steringi hafi. Huyu amekwisha kulishwa sumu na saa zake zinahesabika. Anapofika Bradbury usiku, taa za Million Dollar zinawaka ng'ambo ya barabara.

Mwaka 1982 mwongozaji Ridley Scott alipeleka kamera mahali pale pale katika Blade Runner, kisa kinachotokea mwaka 2019. Mvua inanyesha, moshi umetanda, na taa zile zile zinamulika njia. Safari hii ubao ulio juu ya mlango una majina ya Kihispania. Ni kweli ya wakati ule: jumba lilikuwa limegeuka kuwa kituo cha filamu na wanamuziki wa wakazi wanaozungumza Kihispania. Mlango ni ule ule, waliokuwa wakiupita wamebadilika. Ziweke filamu hizi mbili pamoja, utaona historia ya mtaa mzima.

Ubao kama huo ndio ufunguo wa kusoma historia katika filamu. Jina la filamu lililoandikwa juu yake husaidia kukisia picha ilipigwa lini. Lakini tahadhari inahitajika, kwa maana mara nyingine maandishi huwekwa kwa ajili ya kisa. Katika The Omega Man ya mwaka 1971, mwigizaji Charlton Heston anaingia peke yake katika jumba la Olympic, Mtaa wa 8, kutazama filamu ya Woodstock, ambayo jina lake limewekwa ubaoni kwa ajili ya kisa, huku jiji limefagiwa na maradhi.

Hazina nyingine imo katika picha za barabarani zilizopigwa kutoka ndani ya gari. Studio zilizirusha kwenye pazia nyuma ya waigizaji walioketi katika gari lisilokwenda popote, ili waonekane wanasafiri. Hakuna aliyezithamini kama historia, ila zilinasa mitaa mizima, jengo baada ya jengo.

Thamani ya picha kama hizo huonekana jengo likishaondoka. Jumba la Carthay Circle la Los Angeles, ambako Snow White and the Seven Dwarfs ilizinduliwa Desemba 21, 1937, lilibomolewa mwaka 1969. Mnara wake tunauona leo katika filamu za habari za usiku ule, zilizopigwa kwa ajili ya mastaa waliokuwa wakishuka magarini.

Kwa hiyo, msomaji, ukitazama filamu ya zamani, isimamishe picha mara moja. Mwache steringi aende zake, soma maandishi ya nyuma, kisha andika jina la jumba, la mtaa na la filamu. Nyundo ikishapita, huenda picha hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi pekee.