Kilifi na Homa Isiyokuwa Malaria

Huku Pwani neno "homa" limebeba mengi. Ukisema mtoto ana homa, jirani anasikia malaria, na kwa miaka mingi hata daktari alisikia hivyo hivyo. Haukuwa ujinga. Malaria ilikuwa tele. Shida ni kwamba mtoto anaweza kukutwa na vimelea vya malaria na bado kinachomuua ni bakteria.

Kuanzia 1998, watafiti wa KEMRI katika hospitali ya Kilifi walichukua damu ya watoto waliolazwa, wakaiweka kwenye chupa zenye chakula cha bakteria waone kitakachoota. Matokeo yalichapishwa 2005. Kati ya wachanga wasiofikisha siku 60, asilimia 12.8 walikuwa na bakteria kwenye damu. Waliozidi hapo, 5.9. Inaonekana kidogo, sivyo? Lakini hao ndio waliokuwa robo hivi ya watoto waliofia hospitalini.

Na hiyo chupa haina haraka. Jibu linakuja baada ya siku moja, mbili, na mtoto mahututi hana hizo siku. Basi daktari anaanza dawa kwa kukisia. Hapo ni Kilifi mjini, penye maabara. Zahanati ya kule ndani chupa itaitoa wapi?

Mimi naona chanjo ndizo zilizookoa wengi: ya Hib ilianza 2001, ya nimokoka 2011, na magonjwa yote mawili yakashuka sana Kilifi. Salmonela isiyo ya taifodi, inayoingia kwenye damu ya watoto, bado haina chanjo.