Tatuu ya soja na tatuu ya meneja: historia fupi ya sheria za sura kazini

1/ Uzi. Mjadala huu haukosi kurudi: mwajiri anaweza kukufuta kazi kwa sababu ya tatuu, dredi au hereni? Kuna wanaosema "kampuni ni yake, sheria ni zake." Wengine wanajibu "mwili ni wangu." Mimi naona wote wanaruka swali lenyewe: sheria hiyo inamshika nani, na inamwacha nani?

2/ Mwaka jana nilikuwa mafunzo ya nyanjani katika ofisi fulani hapa Nairobi. Asubuhi moja soja wa langoni alirudishwa nyumbani kwa sababu ya tatuu kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa jina la mtoto wake. Akaambiwa "sera ni sera." Siku mbili baadaye kulikuwa na soja mwingine langoni. Wiki hiyohiyo meneja mmoja alikunja mikono ya shati, na tatuu yake inafika kiwikoni. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi sikusema.

3/ Haya hayakuanza jana. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kipande, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande chenye alama za vidole na rekodi ya kazi na mwajiri wake. Wengi walikibeba ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kuna waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Ukimtazama mtu tu, unajua yuko chini ya nani.

4/ Nyumbani kwa mzungu, mpishi alivaa kanzu nyeupe. Askari wa KAR kwa miaka mingi walivaa kaptula na kutembea miguu mitupu, huku maafisa wao wazungu wakiwa na buti. Sasa miguu mitupu ilisaidia kazi gani? Mavazi yalikuwa ya kukukumbusha daraja lako.

5/ Na ngozi je? Wamakonde waliletwa enzi hizo kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa kule Kwale. Wazee wao wana chale usoni, na chale hizo hazikuwazuia kukata mkonge. Kilichochelewa ni wao kutambuliwa kama raia. Hilo lilikuja 2016, baada ya kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho. Kwa hiyo mtu akikuambia alama za mwilini ni mambo ya vijana wa mitandao, mwambie asome kidogo.

6/ Dredi nazo zina historia yake. Wapiganaji wa Mau Mau walifuga nywele msituni, na picha ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956 ilisambazwa kama picha ya mhalifu. Uhuru ulikuja, lakini jicho lile lilibaki mashuleni na maofisini. Ilichukua hadi Septemba 2019 ndipo Mahakama Kuu ikasema shule ilikosea kumfungia nje mwanafunzi wa Kirastafari kwa sababu ya nywele zake.

7/ Hiyo ilikuwa shule. Kazini je? Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na kwenye orodha yake kunalo neno "mavazi". Kinamfunga mtu binafsi pia, si serikali peke yake. Tatuu haijatajwa, kwa hivyo mawakili bado wana kazi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 41, iko wazi: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini akiwepo, na umsikilize. Soja wetu alielezwa langoni, akiwa amesimama peke yake.

8/ Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Afrika Kusini. Mwaka 2007 askari jela watano wanaume wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, walifutwa kwa kukataa kukata dredi. Idara ikadai ni nidhamu na usalama. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikawaunga mkono askari. Moja ya sababu: askari wanawake waliruhusiwa dredi! Na hakukuwa na ushahidi kwamba nywele zile ziliharibu kazi.

9/ Hapo ndipo penye somo. Mahakama haikusema idara isiwe na sheria za sura. Ilitaka sababu inayohusiana na kazi, na sheria ile ile kwa kila mtu.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akikuletea hoja ya "maadili kazini" au "uhuru wa vijana", muulize haya:
– Sera iliandikwa, na mfanyakazi aliijua kabla ya kuajiriwa?
– Inahusiana na kazi? Nywele karibu na mashine, sawa. Pete jikoni, sawa. Jina la mtoto kwenye mkono wa soja linadhuru nini?
– Inamshika meneja jinsi inavyomshika mfagizi?
– Aliyeshikwa alisikilizwa?

11/ Waajiri wana hoja yao, nakubali. Kuna wateja wanaokimbia, na sare hujenga imani. Lakini hoja hiyo inakufa siku unapoitumia kwa wa chini tu. Hapo tumerudi kwenye kikebe cha shingoni.

12/ Nimalize na ukweli. Mimi pia nina tatuu, kwenye kifundo cha mkono vilevile. Miezi mitatu nilikaa ofisini na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu nilikuwa "kijana wa chuo". Nilipopita langoni kila asubuhi baada ya siku ile, nilivuta mkono wa shati chini. Ningekuwa nimeukunja mbele ya wakubwa na kuuliza: na hii je?