"Several" si "kadhaa" kila mahali

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba neno la Kiingereza "several" maana yake ni "kadhaa": siku kadhaa, watu kadhaa. Ni sawa. Lakini neno hilo lina asili ya Kilatini, na maana yake ya zamani ni "mbalimbali", yaani kila kimoja peke yake. Maana hiyo imebaki katika lugha ya sheria, na huko ndiko inakowanasa watu wetu.

Ukimdhamini ndugu au jirani anayechukua mkopo, huenda ukakuta kwenye fomu maneno "jointly and severally". Wengi hudhani deni litagawanywa baina ya wadhamini. Sivyo. Maana yake ni kwamba wadhamini wanalibeba deni kwa pamoja, na pia kila mmoja analibeba lote peke yake.

Chukua mfano huu. Watu watatu wamemdhamini mwenzao, na deni lililobaki ni shilingi 300,000. Mkopaji ameshindwa kulipa. Mdhamini mmoja yuko Arabuni, wa pili hana kazi, wa tatu ana duka. Mdai ana haki ya kumfuata huyu mwenye duka na kumdai 300,000 zote. Akishalipa, anaweza kuwadai wadhamini wenzake 100,000 kila mmoja, au kumgeukia mkopaji mwenyewe. Lakini kuwasaka ni shughuli yake, si ya mdai. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa fomu hii, kidole kimoja chaweza kuambiwa kimvunje.

Ikiandikwa "severally" pekee, mambo ni mengine: kila mtu anajibu fungu lake tu.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka udhamini uwe wa maandishi wenye saini. Kwa hivyo neno la mdomo halitoshi kumshtaki mdhamini, lakini saini yatosha.

Nasaha yangu: kabla ya kutia saini, tafuta maneno hayo. Ukiyakuta, omba kiwango chako kiandikwe kwa tarakimu, na isemwe wazi kwamba hutadaiwa zaidi ya hapo. Wakikataa, jiulize kama unaweza kulilipa deni lote peke yako. Ikiwa huwezi, mwambie ndugu yako mapema, kwa upole, atafute mdhamini mwingine.