Pegasus: Manowari Kongwe Iliyozama Mbele ya Mji Mkongwe

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, mizinga ilinguruma katika bandari ya Unguja. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mafundi wakizishughulikia injini na boila zake zilizochoka. Kwa upande wa kusini ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff. Kilichotokea baada ya hapo kilikwisha kabla jua halijapanda, lakini chanzo chake kilikuwa cha miaka mingi nyuma.

Pegasus ilianza kuundwa mwaka 1896 huko Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka huohuo Waingereza walilipiga kwa mizinga kasri la Sultani wa Zanzibar na kuizamisha meli yake, Glasgow, katika bandari hiihii. Pegasus ilishushwa majini Machi 1897 ikiwa na uzito wa tani 2,100 na ushei, mizinga minane ya inchi 4, na mwendo wa noti 20 hivi. Haikuundwa kwa ajili ya kupambana na manowari kubwa. Kazi yake ilikuwa kulinda njia za biashara na kuipeperusha bendera ya Mwingereza katika bandari za mbali.

Kisha ukaja mwaka 1906. Uingereza ilishusha majini Dreadnought, manowari yenye mizinga 10 ya inchi 12 na injini za tabo zilizoifikisha noti 21. Ujerumani nayo ikaingia mbioni, na fedha za mataifa hayo mawili zikamiminikia kwenye majitu ya chuma yaliyowekwa kulinda bahari za Ulaya. Bahari ya Hindi ikaachiwa meli kuukuu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Admirali Herbert King-Hall alikuwa na Hyacinth, Astraea na Pegasus, zote tatu zilizoshushwa majini kabla ya 1900. Königsberg ilikuwa imeanza kazi mwaka 1907, na Juni 1914 ilifika Dar es Salaam. Vita vilipoanza ilikuwa tayari imetoka bandarini, na baadaye ikajificha katika mikoko ya mto Rufiji.

Ukiitazama mizinga ya meli hizi kwa upana wa mitutu, tofauti ni ndogo: milimita 102 kwa Pegasus na 105 kwa Königsberg. Tofauti kubwa ilikuwa katika masafa. Königsberg ilianza kupiga ikiwa umbali wa kilomita nane hivi, na makombora ya Pegasus yalipojibu yakaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Meli iliyofungwa kwa nanga haikuweza kusogea wala kukimbia. Bendera ilipoangushwa, askari wake waliishika juu kwa mikono. Königsberg ilipoondoka ilitupa baharini mapipa yaliyojaa mchanga ili yadhaniwe kuwa mabomu ya majini.

Pegasus ilizama mchana wa siku ileile. Mabaharia 38 walipoteza maisha, wengine wakifa baadaye kwa majeraha. Makaburi ya baadhi yao yako katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji.

Ushindi huo haukumwokoa Mjerumani. Waingereza waliikuta Königsberg Rufiji mwishoni mwa Oktoba. Kwa kuwa manowari zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji yale ya kina kifupi, walileta Severn na Mersey, meli bapa za mtoni, huku ndege zikielekeza mizinga kutoka angani. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia.

Lakini mizinga ya meli zote mbili iliopolewa na kurudi vitani. Yote 10 ya Königsberg ilifikishwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu katika kampeni iliyowatesa na kuwaua wapagazi wengi wa Kiafrika ambao hawakuvianzisha vita hivyo.

Pegasus haikushindwa kwa woga wa watu wake. Ilishindwa na umri wake, na uamuzi wa wakubwa wa mbali waliobakiza chombo kilichopitwa na wakati mahali pa hatari. Leo mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Königsberg. Ukifika huko, itazame yote miwili, na uwakumbuke pia wapagazi.