Mkonge, Darasa na Soko la Dunia

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye ngoma, mavazi na masimulizi ya wazee. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba kazi nayo ni sehemu ya utamaduni huo. Katika mkoa wa Tanga, kazi ya mkonge imeacha alama katika ardhi, katika lugha na katika nasaba za watu. Basi na tuutumie mkonge kujiuliza: twawafundishaje vijana wetu jinsi kazi ya mahali pao inavyofungamana na uchumi wa dunia?

Mkonge si mmea wa asili ya nchi hii; asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba makubwa. Wakulima wa Ulaya na Marekani walihitaji kamba za kufungia nafaka na majani ya mifugo. Kwa haja hiyo ya mbali, ardhi ya hapa ikabadilishwa sura.

Mikono nayo ililetwa kutoka mbali. Chini ya utawala wa Waingereza, watu waliandikishwa kwa mkataba kutoka sehemu kama Kigoma na Songea, na hata kutoka nchi jirani. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Baadhi yao hawakurudi makwao, na vizazi vyao vimo leo katika madarasa ya Tanga.

Mwaka 1942 Japani iliziteka Ufilipino na Java. Uingereza na washirika wake wakakosa nyuzi za huko, wakaitegemea zaidi Tanganyika. Hivyo, vita vya Bahari ya Pasifiki vilizidisha kazi ya mkata mkonge wa Korogwe, ambaye pengine hakupata kuzisikia nchi hizo.

Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Lakini wakati huohuo bei ilianza kuanguka, kwa sababu kamba zilizotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli ziliingia sokoni. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba iliwekwa chini ya umma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajiwa. Wako wanaosema kuwa anguko hilo lilitokana na utaifishaji peke yake. Wako wanaoilaumu dunia, wakayafumbia macho makosa yetu ya uendeshaji. Mwanafunzi aliyezipanga tarehe hizi kwa mfuatano ataona kwamba bei ilitangulia kuanguka, na kwamba uendeshaji dhaifu ulizidisha hasara. Hatayumbishwa na kauli ya upande mmoja.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ililipeleka jembe shuleni, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, mara nyingi mwanafunzi alifundishwa kulima bila kufundishwa ni nani apangaye bei ya mavuno. Tunaona inafaa darasa liufuate unyuzi mmoja: kutoka kwa mkataji shambani hadi korona, mashine inayokamua jani, kisha kwenye kamba za kuanikia, kwenye robota, bandarini, na hatimaye kwa mnunuzi wa ng'ambo. Kila kituo mwanafunzi aulize: hapa thamani imeongezeka kiasi gani, na imebaki kwa nani? Hapo hesabu, jiografia na historia zitakuwa somo moja.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Babu alijua namba aliyopewa, lakini hakuelezwa jasho lake liliuzwa wapi wala kwa kiasi gani. Tukimnyima mjukuu wake maarifa hayo, tutakuwa tumemwandikisha naye kuwa manamba, ingawa ameketi darasani.