Mwanafunzi wa Fundi Vioo

Ndugu, tukipita mchana nje ya kanisa lenye madirisha ya vioo vya rangi, tunaona weusi tu. Watakatifu hatuwaoni mpaka tuingie ndani, mwanga ukitokea upande wa pili wa kioo. Mchoraji Mfaransa Georges Rouault alilijua jambo hili kwa mikono yake.

Alizaliwa Paris mwaka 1871. Alipofikia miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi vioo, na katika karakana hiyo yalikarabatiwa madirisha ya kale ya makanisa. Kijana akashika vipande vya bluu na vyekundu vilivyokatwa karne nyingi kabla yake, na mafundi ambao wengi wao hawakuacha hata jina. Vipande hivyo huunganishwa kwa risasi, ile metali laini, nayo huonekana kama mstari mweusi unaoizunguka kila rangi.

Mistari hiyo haikumtoka moyoni. Alipokuwa mchoraji aliwazungushia watu mistari minene myeusi, na ndani yake rangi zinang'aa kana kwamba taa imewashwa nyuma ya picha. Lakini watu gani? Hapo ndipo penye ugomvi. Alichora makahaba, wachekeshaji wa sarakasi waliochoka, mahakimu wenye nyuso ngumu. Kisha, kwa mistari ileile, uso wa Kristo. Hata rafiki yake mpendwa, mwandishi Mkatoliki Léon Bloy, alimlaumu waziwazi kwamba anapenda sura mbaya tu. Rouault hakuvunja urafiki, wala hakubadili uchoraji wake.

Sisi tunaona Bloy alitazama akiwa nje ya kanisa. Na tusimcheke, maana tungeombwa kumtundika kahaba huyo ukutani kwetu, karibu na msalaba, wengi wetu tungeitisha kikao cha wazee.

Mwaka 1950 liliwekwa wakfu kanisa la Plateau d'Assy, milimani mashariki mwa Ufaransa, mahali ambapo wagonjwa wa kifua kikuu walikuja kutibiwa. Baadhi ya madirisha yake yanatokana na michoro ya Rouault, mojawapo likimwonyesha Kristo aliyedhihakiwa. Mzee alikuwa na miaka 79. Safari hii vioo vilitengenezwa na fundi mwingine, Paul Bony, naye mwanafunzi wa zamani akawa mwenye mchoro.